Sura ya 6: Mvuvi wa Gucha Anapoiendea Bahari

Mto Gucha huanzia kwenye vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, ukateremka kupitia Kisii, ukaungana na Mto Migori na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kutoka hapo maji hayo huishika njia ya Naili: Uganda, Sudan Kusini, Sudan, Misri, hadi Bahari ya Mediterania. Sondu nao, ambao hupita mpakani mwa Nyamira upande wa kaskazini, una safari hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu aliyejifunza kuvua kwenye mito ya Wagusii amekua akiipa mgongo Bahari ya Hindi. Akitaka kuifikia, mto hautampeleka. Hana budi kupanda basi la usiku, apite Narok, Nairobi na Voi, mwendo wa karibu kilomita 800, ateremke kutoka mwinuko wa mita 1,700 hadi ukingoni mwa maji ya chumvi.

Sura hii nimemwandikia mtu huyo. Huenda ni mwalimu wa Keroka aliyepata uhamisho wa Kilifi, au muuguzi wa Nyamira aliyepangiwa kazi Msambweni, au kijana wa Suneka anayekwenda Desemba kumtembelea kaka yake Kisauni, na ndani ya begi lake amefunga fimbo ya kuvulia. Naamini mtu huyu anakwenda pwani na mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. Lakini mtaji huo hautamfaa mpaka ajifunze jambo moja ambalo mto na bwawa havikumfundisha: kuvua kwa saa ya maji.

Tuanze na mtaji wenyewe. Mwaka wa fedha wa 2009/2010 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kufufua uchumi, na sehemu yake moja ilikuwa kuchimba mabwawa ya samaki 200 katika kila eneobunge kati ya maeneobunge 140 yaliyochaguliwa, kila bwawa likiwa na mita 300 za mraba. Kisii na Nyamira zilikuwamo, na udongo wa huku pamoja na chemchemi zake viliyapokea mabwawa hayo vizuri. Kizazi kizima cha watoto kimekua kikiona tilapia na kambare, ambaye wengi wetu tunamwita mumi, wakivuliwa hatua chache kutoka shamba la chai. Mtoto aliyetega ndoana kwenye bwawa la babu yake amejifunza mambo ambayo hayafundishwi kwa maneno: kukaa kimya, kutotupa kivuli chake juu ya maji, kutofautisha samaki anayeonja chambo na samaki aliyekimeza. Aliyevua mtoni amejifunza zaidi. Anajua kwamba samaki kama ningu na kuyu hupanda mito mvua ya masika inapochafua maji, kwani ndipo wanapokwenda kutaga. Anajua kwamba samaki hukaa nyuma ya jiwe, pale mkondo unapopungua nguvu, akisubiri chakula kiletwe. Anajua kwamba kambare hula vizuri zaidi giza likiingia.

Yote haya yanafaa baharini. Changu naye hukaa kando ya mwamba akisubiri mkondo umletee kamba. Chewa hukaa ndani ya pango lake kama mumi chini ya kingo za mto. Mvuvi aliyezoea kuyasoma maji ya Gucha ana macho tayari.

Anachokosa ni saa. Mtoni ukifika leo saa mbili asubuhi na ukarudi kesho saa mbili asubuhi, pale pahali ni pale pale, isipokuwa mvua imenyesha. Pwani ya Kenya haiko hivyo. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita na dakika chache. Kila siku mambo hayo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa sababu yanaufuata mwezi. Pahali uliposimama leo na maji yakakufika kifuani, siku chache baadaye saa ile ile panaweza kuwa mchanga mkavu wenye kaa wanaokimbia. Ziwa Viktoria halina hali hii ya kutajika, ndiyo maana hata mvuvi hodari wa Homa Bay au Kendu Bay akifika Mombasa huwa mwanafunzi.

Kisha kuna tofauti ya wiki kwa wiki. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na maji huwa ya bamvu: hupanda juu sana na kupwa mbali sana. Bandarini Kilindini tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huweza kukaribia mita nne siku hizo, kimo kinachotosha kumfunika mtu aliyebebwa mabegani na mwenzake. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, hupanda kidogo na kupwa kidogo, na mkondo hulegea. Watu wa pwani huzihesabu siku hizi bila kutazama karatasi. Mgeni ana msaada wake: Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji la Kilindini, linaloonyesha saa na kimo cha maji kwa kila siku ya mwaka. Pia kuna kanuni moja ya kushika kichwani kwa pwani yote ya Kenya. Siku za bamvu, maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mwendo wa saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na saa nne ndipo maji yanapokuwa yamejaa. Ukijua mwezi uko siku ya ngapi, unaweza kukadiria maji ukiwa bado umekaa sebuleni Nyansiongo.

Kwa nini hili lina uzito kwa mtu mwenye ndoana? Kwa sababu samaki wa pwani hula maji yanapotembea. Maji yakianza kujaa, samaki huingia kutoka kina kirefu wakaja kwenye mchanga na majani ya bahari, ambako saa chache nyuma hakukuwa na maji, kuwatafuta kaa, kamba na konokono. Maji yakisimama, juu kabisa au chini kabisa, ulaji hupoa. Maji yakianza kutoka kwenye hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, samaki hukaa mlangoni wakisubiri vinavyokokotwa na mkondo. Mvuvi wa bwawani hupima uvumilivu wake kwa muda aliokaa. Baharini kukaa saa nane mfululizo hakuna sifa yoyote; saa mbili zilizochaguliwa vizuri zinatosha.

Niliwahi kukaa na mzee mmoja mvuvi kwenye hori ya Mtwapa, akiwa na mshipi wa mkono tu, hana fimbo. Mshipi wake aliuzungushia kipande cha ubao, na kwenye kidole cha shahada alivaa pete pana iliyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli ili nailoni isimchane. Aliulaza mshipi juu ya mpira ule, kidole kikiwa kimekunjwa kidogo, na mkono mwingine ukishika uliolegea. Mimi nilikuwa nimekwisha tupa mara kadhaa. Yeye alikuwa hajaanza.

"Shikamoo, mzee. Mbona hutupi?"

"Marahaba, mwanangu. Maji haya yamesimama. Tazama lile jani."

Jani la mkoko lilikuwa linaelea mbele yetu, haliendi huku wala kule. Baada ya muda lilianza kugeuka taratibu, kisha likashika njia ya kuingia ndani ya hori. Hapo ndipo mzee alipochoma kipande cha kamba kwenye ndoana na kutupa. Sikuona dalili yoyote kwenye mshipi wake, ila kidole kilitikisika mara mbili, akasubiri, kikavutwa, naye akainua mkono kwa pigo fupi lisilozidi kiwiko. Changu wa ukubwa wa kiganja na nusu alitoka majini. Katika saa iliyofuata aliwatoa wengine, na ndoana yangu nayo ikaanza kupata. Tulitumia chambo kile kile kutoka mfuko mmoja. Saa ya maji ndiyo iliyobadilika.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuanzia kwenye hori. Pwani ya Kenya ina mikono mingi ya bahari inayoingia nchi kavu: Mtwapa, Kilifi, Mida karibu na Watamu, Tudor iliyoizunguka Mombasa upande wa kaskazini. Humo mawimbi ni madogo, mikoko huwalea samaki wachanga, na mvuvi aliyetoka mtoni hujikuta kwenye mazingira anayoweza kuyaelewa: kuna kingo, kuna mkondo, kuna vivuli. Tofauti ni kwamba mkondo wenyewe hugeuza njia. Kwenye hori utapata changu wadogo, kolekole wachanga, tengesi, mkizi na chewa. Wapo watu wanaoziruka hatua hizi wakakimbilia mashua ya kwenda kutafuta sulisuli siku ya pili ya safari yao. Wengi wao hurudi wakiwa wametapika njia nzima, na fimbo waliyoishika ilikuwa imetegwa na mtu mwingine. Hawajifunzi chochote ambacho wangekitumia kesho yake.

Msimu nao uzingatiwe. Huku kwetu tunagawa mwaka kwa mvua. Pwani wanaugawa kwa pepo. Kusi huvuma kutoka kusini, takriban Aprili hadi Septemba au Oktoba, na kati ya Mei na Julai huwa kali, bahari ikachafuka, vyombo vidogo vikabaki ndani ya mwamba. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, takriban Novemba hadi Machi, na bahari huwa tulivu zaidi na maji maangavu. Kati ya pepo hizo mbili huwa na majuma ya utulivu ambayo wavuvi huyapenda sana. Kwa mwalimu na mwanafunzi, likizo ya Desemba inaangukia kaskazi, na hiyo ni bahati nzuri. Likizo ya Aprili huwa na mvua na upepo unaogeuka, nayo inawafaa wanaokubali kuvua ndani ya hori tu. Wenye mashua za uvuvi wa michezo huko Malindi, Watamu na Shimoni hufuata kalenda hiyo hiyo: jodari huwatazamia kuanzia Agosti, sulisuli kuelekea mwisho wa mwaka, kisha samaki wakubwa wenye mdomo mrefu wa upanga katika miezi ya kwanza ya mwaka. Kusi ikishika, mashua hizo hupandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo.

Tuje kwenye vifaa. Fimbo ya bwawani usiitupe. Ikiwa ina urefu wa zaidi ya mita mbili na haivunjiki kwa kuvuta chubwi la gramu 30 au 40, itafaa kwenye hori. Kinachobadilika ni mshipi. Kwa tilapia watu wengi hutumia nailoni ya nguvu ya kilo tatu au nne. Kwa hori na ufuoni anza na ya kilo saba hadi kumi. Samaki wa baharini kwa ukubwa ule ule huvuta zaidi. Isitoshe, chini kuna matumbawe na chaza waliong'ang'ania mawe, na ncha zao hukata nailoni. Kipande cha mwisho cha mshipi, karibu na ndoana, kiwe kinene zaidi ya sehemu nyingine. Ukiwalenga nguru au mzia weka kipande kifupi cha waya, kwa maana meno yao hukata nailoni yoyote.

Ndoana namba 8 au 10 uliyoizoea kwa tilapia iongezwe hadi namba 4 au 2, ukikumbuka kwamba namba inaposhuka ndoana ndiyo inakuwa kubwa. Boya libaki nyumbani, au litumike tu kwenye kona iliyotulia ya hori. Kazi kubwa hufanywa na chubwi. Namna rahisi kabisa, inayotumiwa pwani nzima, ni kufunga chubwi mwishoni mwa mshipi, kisha ndoana mbili juu yake kwenye vitawi vifupi, kila kimoja urefu wa kiganja. Chubwi likigusa chini, kaza mshipi mpaka uuhisi uzito wake, kisha tulia. Ukiona chubwi linaburutwa na mkondo, ongeza uzito. Siku za bamvu utahitaji uzito karibu mara mbili ya ule wa siku za maji mafu. Lowesha kila fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwa kuwa nailoni inayokazwa kavu hupata joto na kupungua nguvu. Wengi hupuuza jambo hili bwawani kwa sababu tilapia wa nusu kilo hawaliadhibu kosa hilo. Kolekole hulifichua mara moja.

Kuhusu chumvi naomba nisikilizwe kwa makini, maana hapa ndipo pesa za watu wa bara huishia. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Rili uliyoitumia miaka mitano Nyamira bila kuigusa kwa mafuta inaweza kukwama baada ya juma moja la Kilifi. Kila jioni, kabla hujaoga wewe mwenyewe, ioshe rili kwa maji baridi ya bomba yanayotiririka taratibu. Usiipulizie maji ya nguvu, kwa sababu hayo husukuma chumvi ndani. Legeza breki, ifute, iache kivulini, kisha itie tone la mafuta mepesi kwenye mkono na kwenye ekseli. Fimbo nayo ioshwe, hasa zile pete mshipi unamopita. Ndoana zilizogusa maji ya chumvi usizirudishe kwenye kijisanduku pamoja na zilizo kavu, maana kutu itaambaa kutoka moja hadi nyingine na utakuta zote zimeharibika ukifika nyumbani.

Chambo pia kitabadilika. Nyungunyungu wa shambani, ambaye kwa mumi na tilapia ni chakula cha heshima, hulegea upesi kwenye maji ya chumvi. Donge la ugali huyeyuka. Nunua kamba wadogo, ngisi au samaki wadogo waitwao simu asubuhi pale ufuoni mashua zinaposhusha. Kamba mmoja akatwe vipande viwili, maganda yaachwe ili yashike ndoana. Ngisi akatwe utepe mwembamba wa urefu wa kidole kidogo, uchomwe mara moja tu upande mmoja, ili ucheze ndani ya maji. Ngisi ndiye chambo changu cha kila siku kwa mgeni: ni mgumu, hang'oki upesi kwa vijisamaki vinavyodonoa, na karibu kila samaki wa mwambani humla.

Sasa hatari, ambazo kwenye bwawa la mita 300 za mraba hazikuwapo. Kubwa kuliko zote ni kukatiwa njia. Maji yakipwa siku za bamvu unaweza kutembea kwa miguu mbali sana, hata kufika kwenye mwamba unaozuia mawimbi ya bahari kuu. Uvuvi hapo ni mzuri na kila mgeni hushawishika. Lakini maji yanaporudi hayaji kutoka mbele yako pekee. Hupitia kwenye milango ya mwamba na kujaza kwanza bwawa lililoko nyuma yako, kati yako na ufuo. Unapogundua, umesimama kwenye kisiwa. Mtu wa milimani ambaye hakufundishwa kuogelea hana nafasi ya kukosea hapo. Uanze kurudi mara tu maji yanapokaribia kugeuka, hata kama samaki ndiyo kwanza wameanza kula. Na ukipanda chombo chochote, uvae jaketi la kuokolea maisha kifuani mwako, lisiwe la kukalia.

Miguuni vaa viatu vilivyofungwa vyenye soli nene. Kwenye mchanga hujificha taa, ambaye mkia wake una mwiba wenye sumu, na kwenye mawe yupo samaki-jiwe anayefanana kabisa na jiwe lenyewe. Unapotembea kwenye maji yenye mchanga buruta miguu badala ya kuinua, taa atakusikia na kuondoka. Tafi, samaki mtamu anayepatikana kwa wingi, ana miiba mgongoni na tumboni inayochoma vibaya sana. Mvuvi wa tilapia amezoea kumlaza samaki mapezi kwa kiganja. Tabia hiyo aiache kabisa mpaka awajue samaki wa huku mmoja mmoja. Akichomwa, huduma ya kwanza ni kuzamisha pahali hapo katika maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, kwa sababu joto huipunguza nguvu sumu ya samaki hawa, kisha aende hospitali.

Na yupo bunju. Ukimtoa majini hujijaza hewa akawa kama mpira, watoto wakacheka. Ini lake, mayai yake na ngozi yake vina sumu inayoua, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Bwawani kila ulichokivua kililiwa. Hapa samaki usiyemjua jina usimpeleke jikoni. Muulize mvuvi, na ikiwa hakuna wa kumuuliza, mrudishe majini.

Kuhusu sheria, kuna mawili ya kuzingatia. Uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na anayevua kwa michezo anahitaji leseni, ambayo huulizwa kwenye ofisi za uvuvi. Pili, ujue mipaka ya hifadhi. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, na ile ya Mombasa, mbele ya fuo za Nyali na Bamburi, mwaka 1986. Ndani ya mbuga hakuna kuvua, hata kwa ndoana moja. Maeneo ya akiba yanayozizunguka huruhusu uvuvi wa asili kwa masharti. Kutoka ufuoni mgeni haoni mstari wowote juu ya maji, kwa hiyo aulize kabla ya kutupa. Wa kumuuliza kwanza ni kamati ya BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo ambacho kipo karibu kila pahali mashua zinaposhusha. Ukifika, piga hodi kwao, jitambulishe, eleza umetoka wapi na unataka nini. Utashangaa jinsi watu wanavyofunguka kwa mtu wa bara aliyekuja kujifunza. Usilete haraka ya Nairobi. Salamu za pwani ni ndefu, na anayezikatisha hukosa kuambiwa lile ambalo angehitaji kuambiwa.

Ukishazoea hori, mtafute mvuvi mwenye mashua ndogo akutoe nje ya mwamba asubuhi moja ya kaskazi, na umlipe vizuri kwa siku aliyoiacha kazi yake. Kula kidogo kabla ya kuondoka, tafuna tangawizi, utazame upeo wa macho badala ya sakafu ya chombo. Nje huko mambo ni mengine. Maji hugeuka kutoka kijani hadi buluu nzito. Ndege wakiwa wanajipiga majini, chini yao kuna vijisamaki, na chini ya vijisamaki kuna sehewa au jodari wanaovisukuma juu. Nahodha ataielekeza mashua pembeni mwa kundi, bila kulipasua katikati, na mshipi wenye chambo cha kung'aa utakokotwa nyuma. Samaki akishika hutamvuta. Utamwacha aende, breki ikilia, umpunguze nguvu kidogo kidogo, na hapo ile subira uliyojifunza kwa kambare wa kilo tano itarudi mkononi bila kuitwa. Mwandishi Ernest Hemingway alivua katika maji ya Malindi mwaka 1934, na tangu hapo wageni matajiri wameyajua maji haya kuliko Wakenya wengi wanaoishi bara. Naona hilo kuwa hasara, nalo ni mojawapo ya mambo yaliyonifanya niandike kitabu hiki. Nauli ya basi kutoka Kisii ni ndogo mno ukilinganisha na walichotumia wao kufika.

Iwapo utamnasa sulisuli, fikiria kumrudisha. Shirika la African Billfish Foundation lililoko Watamu limekuwa likishirikiana na manahodha kuwatia alama samaki hawa na kuwaachilia, ili safari zao zijulikane, na anayeshiriki kazi hiyo anaacha kitu kwa watakaovua baada yake. Wadogo mno nao warudishwe, wawe changu au chewa. Chewa hukua polepole, na mwamba uliomalizwa chewa wake hukaa mtupu kwa miaka.

Wale wa kula wasafishwe mara moja. Joto la pwani si la Nyamira; samaki aliyelala juani kwa saa moja ameshaharibika. Nunua barafu kabla ya kununua chambo. Na kama unataka kupeleka kitu nyumbani, jifunze kutengeneza ng'onda: mpasue samaki mgongoni, mfungue awe bapa, mtoe matumbo na damu yote ya uti wa mgongo, mpake chumvi nyingi, kisha mwanike kwenye jua na upepo mpaka akauke. Nguru aliyetengenezwa hivyo huvumilia basi la usiku hadi Kisii bila shida, na akilowekwa usiku kucha, maji yakimwagwa, akapikwa kwa nyanya na kuliwa na ugali na mboga ya chinsaga, hakuna atakayekuuliza kwa nini hukuleta zawadi nyingine.

Kwa hiyo, kabla hujakata tiketi, fanya mambo matatu ukiwa bado nyumbani. Tafuta jedwali la maji la Kilindini la mwezi utakaosafiri na uweke alama kwenye siku ambazo maji yanaanza kujaa asubuhi na mapema. Badilisha mshipi wa rili yako. Na mpigie simu ndugu yako aliye Mombasa, umwombe aende kwenye ufuo ulio karibu naye akuulizie mvuvi atakayekubali kukaa nawe asubuhi moja.